Jogoo Niliyemchinja Kasubi

Nyinyi mnaokuja kuazima sufuria zangu hapa Kisugu mna haraka sana. Mnabisha hodi, mnasema "Mzee Bakari, tupe ile kubwa ya mchele," mnaifunga kwenye pikipiki, hao mmeondoka. Hata chai hamnywi. Ndiyo maana nimeona niyaandike haya, kila atakayekuja kuchukua sufuria apewe na karatasi zake. Ukirudisha sufuria nitakuuliza maswali, na usiposoma nitajua.

Nimepika Kampala miaka mingi kuliko niliyoishi Tanga nilikozaliwa. Nilikuja kupika harusi moja tu. Mjomba wangu alikuwa na duka hapa Kisugu, ni wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walitoka pwani zamani na biashara zao, wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Alikuwa anamwoza binti yake, akasema hataki pilau ya kubahatisha, anataka mkono wa Tanga. Nikapanda basi na visu vyangu vitatu na mwiko wa mkwaju alionichongea baba. Mama alinifungia mikate ya ufuta ya safari, akaniambia nisikae zaidi ya wiki mbili. Mpaka leo sijarudi kukaa.

Ile pilau ya kwanza, wallahi, sijapika tena kama ile. Nyama ililainika bila kuvurugika, mchele ukachambuka punje moja moja, nikapalia makaa juu ya mfuniko mpaka harufu ikawatoa majirani nje. Nikajisimamia kando ya jiko, mikono nyuma, nasubiri sifa. Wageni wakala. Wakamaliza. Mzee mmoja wa Kiganda, mstaarabu, amevaa kanzu safi na koti, akaniita kwa kidole, akaniuliza kwa upole kabisa: "Ssebo," yaani bwana, "sasa chakula inakuja saa ngapi?"

Nilidhani ananichokoza. Kumbe hakuwa na ubaya wowote. Kwa Muganda wa umri ule, chakula ni matoke, ndizi mbichi zilizopikwa kwa mvuke. Wali ni kitu cha kutafuna wakati unasubiri chakula. Pilau yangu ya Tanga, niliyoivusha mpaka wa nchi mbili na viungo vyake, ilikuwa kionjo!

Na chakula kikaja. Kilikuja mikononi mwa mama mmoja mnene kiasi, hana haraka, kajifunga leso kiunoni. Nyuma yake wanawake wawili walibeba sufuria iliyofunikwa kwa majani ya migomba. Alipoyafunua, matoke yalikuwa ya njano kama kiini cha yai, yanatoa mvuke, na ukumbi mzima ukasogea kwenye viti. Huyo alikuwa Nnalongo. Ni jina la heshima la mwanamke aliyezaa mapacha, na watu wote wa mtaa wa Kasubi walimwita hivyo. Alinipita akaniangalia mimi na sufuria yangu, akasema, "Bambi." Ni neno lao la kumhurumia mtu. Nilikasirika siku mbili.

Siku ya tatu alinitumia mtu. Alikuwa na shughuli ya kanisani kwao, na wageni wengine walikuwa Waislamu. Huku Uganda hilo watu hawalifanyii mzaha: mwenye shughuli anaweza kuwa Mkristo safi, lakini mnyama atamwita Mwislamu amchinje, ili asiwepo mgeni wa kuangalia sahani ya mwenzake akimeza mate. Basi nikaingia kwa Nnalongo kwa sababu ya kisu. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja, nikakaa naye mpaka alipoacha kupika.

Sasa sikilizeni kazi. Kwetu ndizi mbichi tunazimenya, tunazikata, tunazipika kwa nazi. Ukitaka kujua zimeiva unafunua, unachoma kwa ncha ya kisu. Siku ya kwanza Nnalongo aliponiacha nilinde matoke yake, niliinuka mara tatu kufunua. Mara ya tatu akanikamata.

"Bakali," akasema. Hakuwahi kulitamka jina langu vingine, na mimi sikuwahi kumsahihisha. "Wewe nafanya nini?"

"Naangalia kama yameiva, Nnalongo."

"Hii kitu haiangaliwi. Ukifungua, mvuke inaenda, inakuachia mawe. Leta mukono."

Akanishika kiganja, akakiweka juu ya majani ya moto, akakikandamiza. Nikaruka. Wanawake wakacheka mpaka mmoja akalazimika kukaa chini. Lakini ndivyo nilivyofundishwa. Matoke yanapimwa kwa kiganja, juu ya majani. Yakiwa bado, chini unasikia vidole vya ndizi, kimoja kimoja. Yakiiva, vidole vinapotea, unasikia mto wa kulalia. Hapo ndipo unayabonyeza yote kwa mikono miwili, bado yamefungwa, huku ukichovya mikono kwenye maji baridi. Kisha unayarudisha motoni, moto mdogo, uyasahau. Hayo ya kuyasahau ndiyo yaliyonichukua muda. Mpishi wa pwani hajui kusahau sufuria, anaizunguka tu.

Na luwombo, ule mchuzi unaofungwa ndani ya jani la mgomba, jani lake lazima liwe changa na lisiwe na tundu, na kabla ya kulitumia unalipitisha juu ya moshi mpaka linyong'onyee. Ukiliharakisha linapasuka mchuzi ukiwa ndani. Ule uti wa nyuma unauchonga taratibu kwa kisu kikali. Niliharibu majani ya shamba zima kabla sijafunga moja lililosimama wima. Siku hizi mnafunga kwa karatasi ya foili na matoke mnayafunika kwa mifuko ya nailoni, halafu mnayaita kwa majina yaleyale. Mimi nikialikwa huko nakula mkate.

Mnaniuliza nchi ipi bora. Swali la kitoto hilo, lakini nitalijibu. Nazi ya Kampala ni balaa, inafika imechoka na safari. Samaki wa ziwani ni watamu, lakini hawana ile chumvi ya kuzaliwa nayo. Viungo, jamani! Nilipotia iliki kwenye mchuzi mara ya kwanza, Nnalongo alinusa akaniuliza kama naumwa. Na sinia nalikumbuka sana. Kwetu mnakaa wanne au watano kwenye sinia moja, mkono wa mwenzako unaujua, mdogo anasogezewa mnofu. Huku kila mtu na sahani yake, foleni ndefu, mlima wa chakula, na bado anauliza kama kuna cha kuongeza.

Lakini kuna jambo moja la huku lililoniyeyusha moyo. Kwetu tunapeana pole na kazi. Ni neno zuri, silikatai. Huku hawakupi pole, wanakushukuru. Unachota maji, mtu anapita, hakujui, maji si yake, anasema "Gyebaleko, ssebo," asante kwa kazi. Na mkishakula, kila mtu, mkubwa na mdogo, anamgeukia mpishi: asante kwa kupika. Mpishi naye anajibu: asanteni kwa kula. Mimi Tanga nilipika tangu ndevu hazijaota. Nikisikia jina langu linaitwa kutoka ukumbini, nilijua chumvi imezidi au nyama haikutosha. Mara ya kwanza niliposhukuriwa na ukumbi mzima niligeuka nyuma kuangalia wanamshukuru nani.

Basi sasa jogoo. Najua mmeshasikia vipande vipande, na wengine mnanicheka kwa hilo sokoni. Sikieni kwa mwenyewe.

Nnalongo alikuwa na binti anaitwa Kizza, aliyezaliwa baada ya wale mapacha. Mmoja wa mapacha hao ni Kato, kijana mkimya, fundi wa redio. Baba yao alikuwa amefariki. Kizza akapata mchumba, mtoto wa mwanajeshi mstaafu wa kutoka kaskazini aliyekuwa akikaa Mbuya. Ikapangwa siku ya kwanjula, siku ambayo upande wa mume unakuja kujitambulisha kwa wakwe, na vikapu, na magunia, na maneno mengi. Bila siku hiyo hakuna ndoa mbele ya macho ya watu. Nnalongo akaniambia, "Bakali, mimi leo ni mama ya bibi harusi. Siwezi kugusa sufuria. Jiko ni yako."

Nyumba yake mwenyewe, binti yake mwenyewe, na jiko ananiachia mtu wa kuja. Sikulala kwa furaha. Nilijiambia: nikiivusha siku hii salama, mimi si mgeni tena hapa. Nikiiharibu, basi la Tanga lipo.

Sasa, wenyeji wanajua, lakini nyinyi mliozaliwa kwingine sikilizeni. Kwenye zile zawadi za mume kuna jogoo mmoja, mzima, kwenye kikapu kizuri. Huyo ni wa kaka wa binti. Anakabidhiwa mkononi mbele ya wageni wote, na kaka akimpokea ndipo inajulikana amemtoa dada yake. Nilikuwa nimepika kwanjula ngapi mpaka hapo? Nyingi. Lakini mpishi yuko uani, haoni kinachofanyika mbele. Anasikia vigelegele tu, anajua muda wa kupakua umekaribia. Sikuwahi kumwona huyo jogoo, wala kuuliza.

Dereva wa kina bwana harusi, naye mgeni wa mtaa, akaingiza gari la mizigo kwa mlango wa nyuma. Jua kali. Akaona kikapu kinachomwa, akakiteremsha akakiweka kivulini, uani kwangu, akaenda kutafuta mlango wa mbele. Nikageuka, naona jogoo. Mwekundu, mkia unang'aa, kikapu kimefungwa utepe. Huo utepe haukunishtua, maana kwetu siku ya harusi hata jagi la maji linavishwa utepe. Na nilikuwa nimepungukiwa luwombo moja ya meza ya wazee, nilikuwa nimeshaanza kutoka jasho. Nikasema, Mungu si Athumani. Kwetu Tanga kuku akiingizwa uani siku ya shughuli, hana safari nyingine.

Nikaelekea kibla. Bismillahi.

Alikuwa ameshafungwa kwenye jani, ana karanga, ana uyoga, yuko kwenye mvuke, alipotokea senga. Senga ni shangazi wa bibi harusi, dada wa marehemu baba, na siku ile ndiye mwenye amri. Alikuwa anacheka na mtu nyuma yake, akaangalia kivulini.

"Bakali, hii kikapu ilikuwa na kitu."

"Ndiyo, shangazi."

"Kitu iko wapi?"

Nikamwonyesha sufuria kwa mwiko.

Hakupiga kelele. Alijishika kichwa akasema, "Banange!" yaani jamani, mara moja, kwa sauti ya chini, na wanawake wote waliokuwa wakiosha vyombo wakaacha kuosha. Mmoja akanieleza jogoo yule ni nani.

Akaitwa Nnalongo. Akaja na gomesi yake ya hariri, lile gauni refu la shughuli, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akaangalia manyoya kwenye beseni.

"Bakali, hii haikuwa kuku," akasema. "Hii ilikuwa mutoto yangu."

Nilipiga magoti kama wanavyopiga wao. Yule mwosha vyombo akatoa rai: soko liko karibu, pikipiki ziko barabarani, tununue jogoo mwingine mwekundu, tumweke kwenye kikapu, tufunge utepe. Nani atajua? Nami, sitawaficha, nilishaingiza mkono mfukoni. Nilikuwa tayari kukimbia mwenyewe.

Nnalongo akatikisa kichwa. "Tukinunua sisi, nani ameomba Kizza? Tumejiomba sisi wenyewe? Wao ndio walete. Nenda waambie."

"Mimi, Nnalongo?"

"Mimi siwezi kukaribia mukwe yangu, unajua, kwetu inakatazwa. Senga anavalisha wasichana. Wewe ulishika kisu. Nenda."

Nikaenda. Aproni imejaa masizi, navuka uwanja wenye mahema mawili na watu waliovaa nguo za siku moja kwa mwaka. Upande wa wageni, mstari wa mbele, alikaa baba wa bwana harusi, mzee mrefu, mgongo umenyooka, kofia kwenye goti. Wasemaji wa pande mbili walikuwa bado wanarushiana maneno ya utani katikati. Nikachuchumaa kando yake. Kiganda hakukijua vizuri na mimi Kiacholi, lugha yake, sikijui, lakini jeshini walizungumza Kiswahili, na hilo siku ile lilikuwa rehema.

"Afande, samahani. Mimi ndiye mpishi."

"Chakula imeisha?"

"Hapana, afande. Nimemchinja jogoo."

"Jogoo gani?"

"Yule wa kikapu."

Akanigeukia. "Ile nyekundu?"

"Ndiyo."

"Ile jogoo nimechagua mimi. Asubuhi muzima nimezunguka soko. Nimeangalia mukia, nimeangalia miguu. Na wewe umeweka kwa sufuria."

"Kwenye luwombo, afande." Sijui kwa nini nilimsahihisha.

"Sisi kule kwetu tunaleta ng'ombe. Ng'ombe hakuna mutu anachinja kwa makosa." Halafu akauliza lile nililoliogopa. "Kwa nini hukununua ingine, ukanyamaza?"

"Nilitaka. Nnalongo alikataa."

"Alisema nini?"

Nikamwambia alivyosema. Mzee yule akageuza uso akaangalia nyumba ya Nnalongo, ukuta wake wa rangi iliyokwanguka, uani kunakotoka moshi. Akavaa kofia yake. "Kijana yangu amepata nyumba," akasema. "Wewe simama. Ambia wale wanaongea waongee polepole."

Akatoka mwenyewe. Hakutuma mtu. Mkwe mzima, na suti yake, akapanda pikipiki kuelekea sokoni Kasubi. Nami nikamnong'oneza msemaji wetu, na yule bwana, Mungu amlipe, aliongea siku ile kuliko redio. Aliwauliza wageni majina ya babu zao mpaka wa tano. Aliwataka waimbe. Walipoimba akasema hakusikia vizuri. Watu wanacheka, mimi jasho linaniingia machoni.

Afande alirudi amemkumbatia jogoo kifuani, jogoo mweupe, mdogo, mkia umekatika nusu, ndiye pekee aliyebaki sokoni. Kikapu kikaletwa, utepe ukafungwa. Wasichana wakampeleka. Kato, nilivyosimuliwa baadaye, akasimama, akamchukua kwa mikono miwili, akamwinua juu, na vigelegele vikapanda mpaka nikavisikia uani, nilikokuwa nimejificha nyuma ya kuni. Kizza amekuwa mke wa mtu.

Nikapakua. Walikula. Afande akatuma ujumbe jikoni: "Ile nyekundu iletwe meza yangu. Nataka kuonja kitu nimenunua." Aliila yote, akalamba hata jani.

Lakini Nnalongo hakuniambia neno. Alipita uani mara mbili, akawashukuru wanawake mmoja mmoja, mimi akanikwepa kwa macho. Hilo lilinikata kuliko matusi. Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Nilisugua sufuria zake zote mpaka nikajiona usoni. Asubuhi nikaviringisha visu vyangu kwenye kitambaa, nikafunga kamba, nikakaa kwenye kibaraza cha mjomba hapa Kisugu kusubiri muda wa basi. Mjomba alijaribu kunizuia. Nilimwambia mtu hawezi kukaa mahali alipomchinja mtoto wa watu.

Pikipiki ikasimama mlangoni. Akashuka Kato, na kikapu chenye utepe mkononi, na yule jogoo mweupe ndani anachungulia. Kato si msemaji. Akakiweka kikapu miguuni pangu.

"Mama anauliza kwa nini umechelewa," akasema. "Hii ni ya mimi sasa. Nakula leo, na senga, na ndugu zangu. Mama anasema hakuna mutu ingine wa kuchinja."

Nilikitazama kikapu. Nikamwuliza, nikiwa nalia, sioni haya kuwaambia, kama Nnalongo amekasirika.

"Jana alikuwa anaona aibu," Kato akasema. "Alikuacha na jiko na hakukuambia desturi. Alisema kosa ni yake, hakujua atakuangalia namna gani." Akatazama bunda la visu mapajani mwangu. "Unaenda wapi?"

"Siendi," nikamwambia, nikafungua kamba.